Siku Nilipowapanga Wakwe kama Maneno

Marafiki zangu wa chuo nimewaficha jambo hili, lakini hapa Runazi halifichiki, hata mwenye duka akinipa sabuni ananiuliza leo nimempanga nani, kwa hiyo bora nilisimulie mwenyewe kabla hamjalisikia likiwa limetiwa chumvi.

Kila asubuhi nacheza mchezo fulani kwenye simu. Unapewa maneno kumi na sita, unatafuta makundi manne ya maneno manne yanayohusiana, ukikosea mara nne siku yako imeisha, ukipatia, jina la kundi linatokea kwa rangi na unajiona una akili kuliko kijiji kizima (mimi nilijiona). Mtego wake ni kwamba lipo neno linalofaa makundi mawili. Asubuhi ile lilikuwa ndizi. Nililitupa kwenye matunda, kumbe lilitakiwa likae na muhogo, viazi na magimbi. Hata hivyo nilimaliza, nikatoka nje kichwa kimevimba.

Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kutoka Nyamigogo kumposa dada yangu Redempta. Wageni wanane, wenyeji wanane, meza nne. Nikahesabu, nikatabasamu peke yangu. Mama alikuwa jikoni anapambana na moshi, akaniambia niwakalishe kama kawaida, wao upande wao na sisi upande wetu. Nikamuuliza kwa nini (huwa nauliza kwa nini, hata kipaimara changu kilichelewa mwaka mzima kwa sababu hiyo), watu wanakuja kuungana, halafu tunawatenganisha? Akasema hana muda, nifanye nijuavyo.

Nikafanya. Walimu meza moja, wafuga mbuzi nyingine, wanakwaya kwenye meza ya tatu. Ya nne ndiyo iliyonipa raha kuliko zote, kwa sababu Redempta aliwahi kuniambia kwamba Denis, mchumba wake, ana vidonda vya tumbo, na baba yake mdogo anavyo, na mimi nilijua katekista wetu anavyo na mama yangu pia. Wanne kamili, chakula kisicho na pilipili, meza moja. Nikaandika majina yao kwenye karatasi ya kuweka mezani, na kwa kuwa kwenye mchezo jina la kundi hutokea, nikaliandika na lenyewe juu kwa kalamu nyekundu: WENYE VIDONDA VYA TUMBO.

Siwezi kusema sikujua kwamba kwetu mkwe hali meza moja na mama mkwe. Nilijua. Ila nilijiambia posa haijajibiwa, kwa hiyo huyu bado si mkwe.

Wageni wakaketi, wakapakuliwa chakula. Baba mdogo wa Denis, ambaye ndiye msemaji wao, akaisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena. Mama akatoka jikoni amejifunga kitenge kipya, akafika kwenye kiti chake, akamwona Denis ameketi mbele yake. Akavuta kitenge hadi usoni. Denis akageukia ukuta, shingo yote imepinda. Meza zote zikaacha kula.

"Kijana," baba mdogo akaniambia taratibu, "haya ni mapokezi, au tumekuja zahanati?"

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikaanza kueleza. Nikaeleza makundi, nikaeleza mtego, nikauliza kuna ushahidi gani kwamba mtu akila na mama mkwe wake anadhurika. Mama akarudi jikoni. Baba mdogo akasukuma sahani, akasema kwao watu wasipokula, maneno waliyokuja nayo wanarudi nayo. Mlango wa chumba alichokaa Redempta akisubiri kuitwa ukafunguka kidogo, ukafungwa.

Denis ndiye aliyesimama. Akamwambia baba yake mdogo kwamba tumbo limeanza kweli, anaomba akale nje penye hewa, na shemeji amsindikize. Shemeji ni mimi. Mzee akavuta sahani yake, na nilipotoka nilisikia vijiko.

Nyuma ya nyumba Denis alikula wali kwa raha zote, tumbo haliumi hata kidogo. Nikamuuliza kama kweli anaamini mambo yale.

"Siamini," akasema. "Ila nimemwona mama yako alivyojifunika uso. Hilo halihitaji kuaminiwa, shemeji, lilikuwa mbele yako."

Kumbe Denis ndiye aliyekuwa ndizi, na nilikuwa nimemtupa kundi lisilo lake.

Posa ilikubaliwa jioni ileile. Karatasi anayo Redempta, na ameapa kuisoma kwenye ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza. Denis akija siku hizi anakula sebuleni, mama anakula jikoni, na wanapiga soga kupitia ukuta kwa sauti mpaka majirani wanachangia. Mchezo bado nacheza. Na bado nauliza kwa nini, ila nimeapa kusubiri watu wamalize kula kwanza.