Aliyelala Ndani ya Kioo

Kosa lilikuwa langu. Kila Jumapili nilimpigia mama simu Kibera na kumsifia jumba la makumbusho nilikokuwa nafanya usafi. Nilimwambia kuna chumba kizima cha Wanubi wa kale, vyungu vyekundu vyenye midomo myeusi, sanamu za wafalme wa Kushi walioitawala hata Misri. Wazee wetu, nilisema, wamewekwa kwa heshima. Sisi Wanubi wa Kenya ni wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan. Kama damu yetu inafika kwa wafalme wale sikujua, na sikumwambia kwamba sijui.

Mama alihitaji kuyasikia hayo. Aliitwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Kila alipofuata karatasi za uraia aliketishwa mbele ya kamati ya uhakiki, akaulizwa babu ya babu yake alitoka wapi, kisha majirani wakaitwa kusema kama wanamjua. Pasipoti ya kuja kwangu Edmonton aliipata baada ya njoo kesho nyingi mno.

Alipofika, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hakutaka kuona daraja maarufu la mtoni wala ikulu ya malkia wa Waingereza. Siku yangu ya mapumziko alivaa gurbaba, ile nguo yetu ya kutarizi, akajifukiza udi hadi abiria wa basi wakageuka. Nilimtania kwamba anakwenda posa. Akajibu kuwa anakwenda kuwasalimia wazee, na mtu haendi kwa wazee akinuka jasho.

Vyungu vilimfurahisha. Kisha tukafika mwisho wa chumba, kwenye kabati ambalo sikuwahi kumtajia. Ndani yake mlikuwa na mtu, mifupa mitupu, amelala ubavu, magoti yamekunjwa, juu ya mabaki ya kitanda cha mbao na ngozi. Ndivyo walivyozikana, mtu na kitanda chake. Nilikuwa nimekifuta kioo kile miaka minne na nilishazoea kutomtazama.

Mama alikitambua kitanda kwanza. Baba yake alikuwa na cha namna ile, na ndicho alichobebewa kwenda makaburini. Akavua viatu. Akavua na mtandio, yeye ambaye sikuwahi kumwona kichwa wazi mbele ya watu, akautandaza juu ya kioo kufunika uso wa yule maiti, akaanza kusoma Fatiha.

Mlinzi akaja. Tulifahamiana. Aliniuliza kwa upole kama namjua yule bibi.

Ombi langu la kukaa nchini lilikuwa bado halijajibiwa, na kibarua kikiota nyasi nisingekuwa na pa kushika. Niliogopa, basi. Nikatikisa kichwa kukana. Kisha nikauondoa mtandio juu ya kioo kwa mkono wangu, kama mfagizi anavyookota kitu kilichoangushwa, nikampa mama bila kumtazama.

Kwenye basi, tulipokaribia nyumbani, mama alinigeukia. Kiingereza hakujua.

"Yule alikuuliza nini?"

Nilishindwa kumdanganya tena. "Aliuliza kama nakujua."

Akaufunga mtandio wake upya, taratibu, akiuvuta hadi kwenye paji la uso.

"Hata kwenye kamati huwauliza majirani hivyo hivyo," akasema. "Wangu husema ndiyo."