Kidonda Kilichoachwa Wazi

Mume wangu alikuwa akiunganisha mabehewa pale stesheni ya Kamina. Asubuhi moja ya mvua aliteleza, chuma kikampasua mguu chini ya goti mpaka mfupa ukaonekana. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya reli. Mguu ukienda, kazi inakwenda, na nyumba nayo.

Hospitalini muuguzi alikiosha kidonda, akakata nyama iliyokufa, akakijaza kitambaa safi, akakiacha wazi. Zamani, alinieleza, walishona siku ileile na uchafu ukaozea ndani. Siku hizi wanangoja kwanza. Nyama ikiwa nyekundu, bila usaha, ndipo wanashona. Nilimwamini, hasa kwa kuwa hakunifokea.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini na ndugu za mume wangu, akafunua kitambaa, akalia.

"Banamuacha wazi sawa nyama ya ku soko," alisema kwa Kiswahili cha kwetu. "Banajua atakufa, njo maana habamushone."

Nilimweleza neno kwa neno. Akaniuliza, "Weye njo ulimuzaa?"

Nikakifunika kidonda tena. Nani atajibu swali kama hilo mbele ya shemeji zake? Walimbeba kwa machela mpaka kijijini, kwa mzee aliyekuwa akishona wawindaji waliopasuliwa na nguruwe mwitu. Alikifunga kwa miiba na nyuzi za majani ya rafia, vizuri kabisa, midomo ya kidonda ikakutana. Mama mkwe alipika kuku. Nilimchukia, na kuku nilikula.

Kisha mguu ukavimba, ngozi ikawa nyeusi, harufu ikatutoa nje ya nyumba. Tulipomrudisha hospitalini waliukata juu ya goti.

Hata hapo walipoukata waliacha wazi. Safari hii mama mkwe hakugusa kitu. Alikaa kando ya kitanda siku zote, akiwafukuza nzi, na shemeji zangu akawakataza kuingia. Nyama ilipokuwa nyekundu, muuguzi alileta sindano na uzi. Alivuta ngozi pande mbili, akashona, akafunga fundo. Hata uji niliouweka mezani haukuwahi kupoa.

Mama mkwe alikuwa ametazama yote.

"Njo hivi mulikuwa mutafanya ku muguu?" aliuliza.

"Njo hivi, mama," muuguzi alijibu, akaanza kukusanya vyombo vyake.