Chumba cha Mtaa wa Juu

Kwa miaka mingi dalali mmoja wa vyumba, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alianza kila simu kwa swali moja: "Kwenu wapi, mwanangu?" Idadi ya vyumba aliiuliza baadaye. Wenye asili ya Kihindi na Kiarabu aliwapeleka mtaa wa juu. Waliohamia kutoka mashambani aliwaweka nyuma ya reli. Wakimbizi, pamoja na watoto wao waliozaliwa papa hapa, aliwatupa bondeni, ambako mvua ikinyesha vitanda huinuliwa juu ya matofali. Wenye nyumba walimsifu kwamba hakosei. Mji wetu mdogo hujigamba kuwa una watu wa kila rangi. Sawa, lakini kila rangi ina uzio wake, na kazi hiyo ya kutengana hatukulazimishwa na mtu. Tuliifanya wenyewe, kwa tabasamu.

Siku moja alipigiwa simu na muuguzi aliyetaka chumba karibu na hospitali ya mtaa wa juu, kwa kuwa mama yake husafishwa damu pale na miguu imekataa kupanda kilima. Muuguzi alizungumza Kihindi cha nyumbani, pamoja na utani wake. Dalali, aliyeiokota lugha hiyo kazini, hakuona haja ya kuuliza swali lake. Akampigia mwenye nyumba mmoja Mhindi wa huko: "Dada, nimekupatia mtu wenu kabisa!"

Asubuhi wakakutana getini. Muuguzi alikuwa mweusi tititi, mtoto wa bondeni. Mama yake alikuwa mpishi wa familia ya Kihindi, naye akakulia jikoni humo, akicheza na watoto wa nyumba. Sasa mama huyo alikaa juu ya godoro lililokunjwa, akihema.

Mwenye nyumba alichungulia kwenye nondo za dirisha. "Chumba kimeshachukuliwa."

"Na nani tena, dada? Jana si ulinilalamikia kuwa kimeota utando wa buibui?"

"Kwani wewe ni dalali wangu au wao?"

"Shangazi, usijichoshe kutunga," muuguzi alimwambia kwa Kihindi. "Tumeelewa."

Dalali alinywea. Maneno ya namna hiyo alizoea kuyapokea kwenye simu, kisha akayafikisha kwa wapangaji yakiwa yamepakwa asali. Hakuwahi kuyasikia akiwa amesimama kando ya anayekataliwa.

"Chumba ni kitupu," alimwambia mwenye nyumba, "na wewe unajua. Tafuta dalali mwingine."

Ni ujasiri, ndiyo, lakini ujasiri haumlazi mgonjwa. Chumba kingine karibu na hospitali kilikuwa kimoja tu: uani kwa dalali mwenyewe, alikokuwa akipangisha ndugu zake pekee. Walipofika, wifi yake aliyekuwa akianua nguo alikunja uso.

"Wifi, hawa wa bondeni umewaokota wapi? Watatujaa hapa kama siafu!"

"Wako wawili. Wewe ulikuja na watoto sita na kuku."

"Mimi ni ndugu yenu!"

"Na huyu ni mgonjwa. Kesho anatakiwa hospitali. Nishikie mlango."

Wifi hakuushika. Aliingia ndani na beseni lake, akafungulia redio hadi mwisho. Dalali na muuguzi walimwinua mama, kila mmoja upande wake, wakampitisha kiubavu, kwa maana mlango ule ni mwembamba.