Uzito wa Nani? Fundi Anayefundisha Programu Kuuliza

Saa mbili na robo asubuhi fundi ameshaketi mbele ya skrini. Viatu kavivua chini ya meza, chai inapoa kando ya kibodi, na feni inapiga kelele kuliko inavyopuliza. Leo anamsubiri mtu mmoja tu: muuguzi mkuu wa wadi ya wazazi. Asipomridhisha huyo, zahanati zote kumi na nne zitarudi kupiga hesabu za dawa kwenye daftari.

Kitendawili: nina mgeni, jina analo, kwao hana. Ukishindwa, mwulize fundi huyu. Wageni hao ndio waliomnyima usingizi.

Kazi yake ni kuandika programu zinazoandika programu nyingine. Kila zahanati ina mahitaji yake, naye hana mikono kumi na minne. Basi huandika vipande vya maagizo na kuvifunga ndani ya alama za kunukuu. Agizo lililofungwa hivyo halitendwi papo hapo. Linakaa kama barua ndani ya bahasha, mpaka programu kubwa ilichukue na kulipachika mahali pake.

“Shida,” anasema akijikuna kichwa kwa kalamu, “kipande kinaweza kutaja kitu ambacho chenyewe hakina. Kinasema, chukua uzito, zidisha kwa kipimo cha dawa. Uzito upi? Hakijui. Kinategemea kuukuta huko kiendako. Uzito huo ndio mgeni asiye na kwao.”

Na kiliukuta. Miezi mitatu iliyopita kipande hicho kilipachikwa kwenye programu ya wadi ya wazazi, kikadaka uzito wa kwanza uliokuwa karibu: wa mama, kilo 68. Mgonjwa alikuwa mtoto wake, wa kilo tatu.

Kompyuta haikunung'unika. Ilitaka namba ya kilo, ikapata namba ya kilo. Aliyeshtuka ni muuguzi mkuu huyohuyo, bomba la sindano mkononi. Akasoma skrini mara mbili, akaliweka chini.

“Nilimpigia simu palepale,” anasimulia. “Nikamwambia, dada yangu, dawa hii ni ya mtoto au ya ng'ombe?”

Mtoto hakudhurika. Lakini fundi alikaa siku mbili bila kula. Mama mkwe wake, aliyekaa kwenye cherehani miaka thelathini na sita, akamwona anasukuma sahani.

“Una nini, mwanangu?”

Akamweleza yote. Mama mkwe akatema uzi.

“Yaani wewe unakata mkono wa gauni, halafu hubandiki karatasi ya kusema ni wa gauni la nani? Kitambaa cha buluu si kinafanana na cha buluu?”

“Mama, hizi ni programu.”

“Kwani mimi nimesema nini?”

Kwa wiki kumi na moja alivipitia vipande vyake 212, kimoja baada ya kingine. Sasa kila kipande kinasafiri na karatasi yake: nakosa uzito, uwe wa kilo, uwe wa mtoto mchanga. Programu kubwa isipokikabidhi uzito huohuo waziwazi, haiundwi kabisa. Kukisia hakuna tena.

Mwajiri alilalamika kwamba anachelewa. “Mwenda pole hajikwai, bosi,” akamjibu, akarudi kwenye vipande vyake.

Saa tatu muuguzi anaingia. Haketi.

“Leo nakuja na mtego. Hicho kipande cha mtoto, kipe uzito wa mama.”

Fundi anaandika, anabonyeza. Skrini inajibu: unasubiriwa uzito wa mtoto mchanga, ulioletwa ni wa mama. Programu haikuundwa.

“Kinyime kabisa.”

Inakataa tena, na kutaja kinachokosekana.

“Haya, kipe wa mtoto.”

Programu inaundwa. Dozi ni ya mtoto wa kilo tatu. Muuguzi anaihakiki kwa kalamu kwenye kiganja chake, midomo ikitikisika, kisha ndipo anavuta kiti.

“Wadi yangu ianze Jumatatu. Ila daftari langu silitupi, nakwambia mapema.”

“Usilitupe, sista.”

Mpango wa fundi sasa ni kuwafundisha wenzake wa zahanati nyingine waandike vipande vyao wenyewe.

“Mimi nitazeeka, vipande vitabaki,” anasema, akitafuta viatu kwa vidole vya miguu. “Atakayekiokota kimoja nisipokuwepo, nataka kimwambie chenyewe kinakosa nini, kabla hajamgusa mtoto wa mtu.”