Ncha ya Pili ya Shuka

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ni refu, na likigusa sakafu linarudi kwenye maji. Kwa hiyo katika chumba cha kufulia watu hukunja wawili wawili: huyu anashika ncha hii, yule ile, wanalivuta linyooke, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana tena. Ukichungulia mlangoni utadhani wanacheza. Mama Pacha na Mwenyekiti walikuwa wakikunja pamoja tangu pacha wenyewe wako tumboni, na midomo haikupumzika, sawa na mikono.

Ijumaa ile Mama Pacha alishika ncha yake, akangoja. Mwenyekiti akampa mgongo, akaenda kukunja na mwingine.

Kisa kilikuwa kikao cha jana yake. Wafuaji walikuwa wamechoka kupigwa shoti na mashine kuukuu, wakakubaliana kugoma kuanzia Jumatatu, wakae getini badala ya kufua. Mwenyekiti, ambaye uongozi wa wafanyakazi umelimeza jina lake la kuzaliwa, aliuliza kama kuna mwenye neno. Mama Pacha akanyanyua mkono.

"Tugome, na mimi nimo. Ila mashuka ya wodi ya wazazi tuyafue. Mtu ametoka kujifungua, umlaze na kichanga chake juu ya plastiki tupu?"

"Shoga, mgomo wenye mashuka safi si mgomo," Mwenyekiti akasema. "Wakubwa hawatahisi kitu."

"Wakubwa hawalali wodini."

Wachache wakacheka. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Huyu kibaraka wa serikali. Ametumwa." Neno likapita benchi hadi benchi, na hakuna aliyerudi kuuliza Mama Pacha kasema nini hasa.

Hilo lilikuwa jina la pili. Mwaka uliopita alidai glavu, maana dawa ya madoa ilikuwa inawachuna vidole. Msimamizi akamwita mpinzani, akasema kuna chama kiko nyuma yake. Mama Pacha hakuwa na kadi ya chama chochote. Alikuwa na vidole vilivyopasuka, akiwaogesha wanawe maji yanageuka rangi. Glavu zililetwa. Jina likabaki.

Basi mchana wa Ijumaa msimamizi huyohuyo akaingia, uso umemfunguka kama mtu aliyekubaliwa posa.

"Mama Pacha, nimesikia. Kumbe una akili. Sasa wewe ni mwenzetu. Hebu waeleze hawa, wewe wanakusikia."

Mikono yote ikasimama. Mama Pacha akaliweka shuka mezani.

"Mimi si mwenzako, bosi. Mwaka jana ulisema nimetumwa na wapinzani. Hawa wanasema nimetumwa na wewe. Huyo anayenituma kila siku, mbona hata nauli hanipi? Jumatatu nitafua mashuka ya wazazi. Nikimaliza nakwenda getini kukaa na wenzangu, mpaka mashine itengenezwe."

Msimamizi akatoka bila kuaga. Mwenyekiti akamfuata Mama Pacha hadi kwenye mabomba.

"Huwezi kutoka kufua ukaja kukaa getini, Mama Pacha. Chagua. Na kwenye kamati ya mgomo nakutoa."

Hakumwita shoga. Hilo lilimchoma kuliko kamati.

"Nitoe kwenye kamati," akasema. "Getini ni barabarani, si sebuleni kwako."

Nyumbani jioni shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa kashazipata habari. "Mwaka jana mpinzani, mwaka huu kibaraka. Shemeji, unahama hata chai haijapoa."

Pacha mmoja alikuwa amemlalia begani, wa pili kamng'ang'ania mguu. "Sijahama. Mimi niko palepale, wao ndio wanaonizunguka."

"Si uwaombe radhi yaishe?"

"Radhi ya nini? Nionyeshe neno baya nililosema."

Shemeji akageuza maneno. "Na wakikufukuza pale getini?"

"Watanibeba. Na mimi mzito."

Jumatatu asubuhi chumba cha kufulia kilikuwa kimya. Ile mashine hakuigusa, nayo alikuwa ameigomea kama wenzake. Alifua kwa mikono kwenye karai kubwa, akasuuza, akaanika uani. Yalipokauka alifunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, akashika ya pili, akavuta. Dirisha halijui kukusogelea, kwa hiyo kila mara alikwenda yeye. Mikunjo ilitoka upande upande. Akayapeleka wodini, akatandika kitanda hadi kitanda, akamrudishia mama mmoja kichanga chake mikononi, akatoka.

Getini wenzake walikuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi, wamebanana.

"Kibaraka huyo," mmoja akasema.

Mwenyekiti akatazama mikono ya gauni la Mama Pacha, iliyokakamaa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. "Umekunja na nani?"

"Na dirisha."

"Yatakuwa yamekwenda upande."

"Yamekwenda. Kesho njoo uyanyooshe."

Mtu akacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Sikubaliani na wewe hata kidogo."

"Sijakuomba ukubali. Sogea nikae."

Mwenyekiti alikaa hivyohivyo, na Mama Pacha akasimama hivyohivyo mbele yake, jua likimpiga utosini, hana haraka ya kwenda popote. Mwishowe Mwenyekiti akasogea, si sana, nafasi ya nusu mtu. Mama Pacha akaketi hapo hapo, akajisukumasukuma mpaka akaenea.