Salamu za Mzee Bura na Bomba la Upepo

Saa moja asubuhi, baridi ya Julai bado imekalia mashamba ya ngano ya serikali upande wa Basotu. Ndani ya karakana, Hermani Sulle ameinamia ndoo ya barafu iliyochanganywa na chumvi ya ziwa Balangida. Humo amezamisha vipande vya chuma vilivyokatwa kwenye bomba, vifupi kama kidole, kila kimoja kimetiwa mkato kwa msumeno.

Mbele yake inaning'inia nyundo aliyoiunda kwa ekseli ya trekta. Akiiachia, inabembea na kupiga kipande. Kikipinda, bomba linafaa. Kikikatika kama bua la mahindi, halifai.

Nje ya mlango amekaa baba mkwe wake, Mzee Bura, juu ya kigoda. Hapiti mtu.

"Chuma kikiwa na joto kinavumilia," anasema Hermani, mwenye miaka kumi na moja katika kazi hii. "Kikipoa sana kinakuwa kama kigae. Kwa hiyo masharti yanataka kipigwe kabla hujahesabu tano tangu kitoke kwenye barafu. Ukifika kumi umepima jua, hujapima bomba."

Mabomba haya hubeba upepo wa kompresa wa kujaza magurudumu ya matrekta, nayo hupita nje ya ukuta, kwenye baridi. Anayefungua koki kila asubuhi ni Felician, mwanangu wa pekee. Bomba la upepo likipasuka halichagui mtu. Ndiyo maana mwezi uliopita, mabomba mapya arobaini yalipoletwa, nilikwenda kusimama pale karakana.

Barafu ilitosha vipande vitatu tu. Ilitoka kwenye friji ya zahanati, na muuguzi alikuwa amesema hatoi nyingine. Mtunza stoo, Yoakimu, alitaka mabomba yafungwe Jumatatu.

Hermani alitoa kipande cha kwanza kwa koleo. Moja, mbili, na mlangoni akatokea Mzee Bura na kibuyu cha maziwa.

Huku kwetu mtu hamsalimii baba mkwe huku ameshika chuma. Hermani aliweka koleo chini, akainama, akatoa shikamoo. Mzee akaitikia, akaulizia watoto, mbuzi, ngano na goti la shangazi yake Hermani. Salamu zilipokwisha, kipande kilikuwa vuguvugu. Yoakimu akahimiza kipigwe hivyohivyo, kikapinda vizuri kabisa. Yoakimu akaandika kwamba bomba limefaulu.

Cha pili kilipotolewa, mzee akarudi kuchukua fimbo aliyoisahau, na kwa Mzee Bura, anayerudi husalimiwa upya. Nacho kikapinda.

"Futa hivyo viwili," Hermani akamwambia Yoakimu. "Vimeota jua."

Yoakimu akajibu kwamba wino wa serikali haufutwi.

Kikabaki kimoja. Nikachungulia nje, nikamwona mzee anarudi tena, safari hii kufuata kibuyu. Nikatoka mbio, nikamkuta uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Felician." Naye akashika njia ya mlangoni.

Nikamuuliza habari za ng'ombe. Wazima. Nikasema nataka habari za mmoja mmoja. Mzee akasimama, akaegemea fimbo, akaanza na yule mwekundu mwenye pembe moja. Tulipofika ng'ombe wa saba, ndani kukasikika, ta!

Hermani alikuwa hajafika nne. Kipande kilikatika katikati, nusu yake ikatua juu ya daftari la Yoakimu. Yoakimu akafuta mwenyewe, kwa wino uleule wa serikali.

"Nani kavunjika?" mzee akauliza.

"Bado hakuna, baba," nikamjibu.

Yale arobaini yalirudishwa. Wazazi wenzangu, mwenye mtoto karibu na bomba la upepo asiridhike kuambiwa limepimwa. Aulize lilipimwa likiwa na baridi gani, na nani alikuwa mlangoni.

Hermani anatumaini kupewa friji yake mwenyewe, asiombe tena barafu ya chanjo. Alifikiria pia kuweka komeo mlangoni, lakini nani atamfungia nje baba mkwe? Akamwekea kigoda.

Leo ni zamu ya mabomba mengine. Kipande cha kwanza kimepigwa kwa hesabu ya tatu, kimepinda. Cha pili vilevile. Hermani anazamisha koleo kutoa cha tatu. Meneja amekuja kuona kazi inaendaje, naye bado yuko nje na Mzee Bura, kwa ng'ombe wa nne.