Chura wa Sadaka

Ruthu wa Mlali alikuwa mtu wa kucheka. Siku aliyobatizwa alicheka mpaka kasisi akammwagia maji sikioni. Kwa hiyo Jumapili moja ya mwaka wa 1950, alipotoka kanisani kimya, mumewe Yoramu alishtuka.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Umelisikia lile somo? Mungu alimweka mtu bustanini ailime na aitunze. Kulima tumelima, baba Anyesi. Kutunza je?"

Akanyoosha kidole kwenye korongo nyuma ya kanisa. Miti ya kule juu ilikuwa imekatwa yote, na kila mvua maji yalishuka mbio na udongo. Korongo lilikwisha kula mashamba matatu na choo cha mzee wa kanisa, Marko.

Bwana shamba wa serikali alikwisha kupita akaamuru matuta, na faini juu. Watu waliyachimba kwa kununa, wakayaacha gari lake lilipoondoka. Ruthu hakuamriwa na mtu. Kesho yake, Jumatatu, alijitwisha jiwe, akalitua korongoni. Kesho kutwa mawili. Yoramu aliona haya wiki nzima, kisha akachukua mtaimbo. Wakajenga ukuta kukatiza korongo, na ukingoni wakapanda migunga, wakaizungushia miiba mbuzi wasiifikie.

"Mama Anyesi, unajenga Babeli?" Marko alimtania.

"Mnara wa Babeli ulipanda juu, mzee. Ukuta wangu umelala!"

Mvua ya kwanza ikaubomoa. Wakajenga tena, mpana zaidi. Safari hii udongo ukanasa, na mwaka wa pili maji yakatuama. Ruthu akaotesha mchicha palepale kilipozama choo cha Marko.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, wenzake walileta mtama na uwele. Ruthu alileta kikapu cha mchicha unaochuruzika maji. Marko akakipokea kwa heshima, akainama kukiweka mbele ya altare.

Chura akaruka.

Alitua kifuani pa Marko, Marko akapiga yowe. Chura akarukia kitabu cha kasisi, kisha akapotelea miguuni mwa kwaya. Wimbo ukakatika, waimbaji wakapanda mabenchi na kanzu zao.

"Chura, kiangazi hiki!" Marko alihema. "Mama Anyesi, umemtoa wapi?"

"Chooni kwako, mzee!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kasisi alijaribu kusali, mabega yakimtikisika.

Ibada ilipokwisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Waliteremka korongoni na nguo zao za Jumapili. Marko akavua viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Bwana atusamehe," akasema. "Haya, mawe yako wapi? Ukuta wa pili tuuanzie kule juu."

Ruthu alitaka kumjibu, ila kwikwi za kicheko zilikuwa zimemshika. Emilia, jirani yake, akamchotea maji kwa kiganja anywe, yakamtokea puani.